Tiara ya Karatasi ya Bibi Faida

Sisi tuliokulia Tabora wakati wa Mwingereza hatukuhitaji kalenda kujua kuwa kipupwe kimeingia. Midomo ilipasuka, visigino vikafanya nyufa, vumbi likaingia mpaka ndani ya chungu cha mboga. Asubuhi tulijikunyata juani kama kuku, tukila matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochemshwa jana yake, na aliyebahatika kuchovya asali aliramba vidole mpaka adhuhuri. Kisha upepo wa mashariki ukaanza kuvuma, na juu ya mashamba yaliyovunwa nyuma ya mtaa wa Cheyo zikaonekana tiara.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Tiara haikununuliwa. Wajukuu wangu leo huniletea mfuko wa nailoni umefungwa uzi, wakakimbia nao barabarani hatua ishirini, wakachoka, wakarudi kwenye simu. Mmoja alinionyesha humo ndani ya simu Mchina mmoja akirusha tiara. Alimtazama yule Mchina mchana kutwa, na upepo unavuma nje bure. Sisi tulipasua ufito wa mwanzi kwa kisu cha jikoni na kuukwangua kwa kigae mpaka ukawa mwembamba. Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo, na tukipigwa kwa kuumaliza unga, tulipigwa tukiwa tumeshiba, maana gundi iliyobaki tuliilamba.

Mimi nilichelewa kujifunza. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nami nilikuwa mtoto wa chuoni. Baba alifanya kazi kwenye reli huko Igalula, akaishi huko na mama na wadogo zangu. Mimi niliachwa mjini kwa bibi, mama yake baba, ili nisome Kurani. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Faida, shangazi Zuhura aliyekuwa kitinda mimba wake, na mimi. Bibi alinipenda kwa utani wa mabibi. "Mume wangu," aliniita, "umeshakwenda kwa mwalimu, au nikuandikie talaka?"

Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa mambo mengi, lakini kwa jambo moja alikuwa mkali zaidi. Karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu, hata ikiwa barua ya mfanyabiashara, isikanyagwe, isitupwe, isifungiwe karanga, kwa kuwa huenda limo jina la Mwenyezi Mungu. Ukiiona njiani, iokote, ibusu, itie mahali ambapo mguu haufiki. Ukipita mitaa yetu siku zile uliziona zimechomekwa kwenye nyufa za kuta, zimekunjwakunjwa, hakuna anayezigusa mpaka mvua izichukue. Karatasi za Kizungu hazikuwa na ulinzi huo. Hizo zilifungia chumvi.

Nasema haya mapema ili msomaji asidhani namsimulia mchezo tu. Tiara yangu ya kwanza kuruka ndiyo iliyovunja ndoa ya shangazi yangu, na niliivunja kwa kufuata mafundisho ya mwalimu.

Aliyenifundisha ni Maganga, mtoto wa Kinyamwezi, Mkatoliki, baba yake mfanyakazi wa reli kama wangu. Alinizidi miaka miwili na maneno elfu. Tiara yangu ya kwanza niliitengeneza kwa gazeti. Ilipanda kimo cha kuku, ikageuka, ikachoma kichwa ardhini na kuchanika.

"Ee mayo!" Maganga alipiga kelele ili uwanja mzima usikie. "Njooni mwone! Mwanachuoni ameirudisha tiara kaburini!"

Ya pili niliitengeneza kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari. Hiyo haikupanda kabisa. Nilikimbia nayo kutoka kwenye vichuguu mpaka karibu na reli, inaruka chini nyuma yangu kama mbwa.

"Unaikokota kama mbuzi wa sadaka," Maganga aliniambia nilipokaa chini nikihema. "Tiara haikokotwi. Ilegezee. Ikitaka kwenda, iache iende. Ikianza kulala ndipo uvute, kidogo, hivi." Akanishika kidole akanivuta taratibu. "Na hiyo karatasi yako, mjomba, funika nayo mtungi. Tafuta nyepesi lakini ngumu. Ya gazeti inachanika, ya kaki nzito. Ya katikati."

"Ya katikati nitaipata wapi?"

"Kwenu mna makaratasi. Nyie watu wa mjini si ndio wenye kuandikiana barua?"

Siku hizo nyumbani kwetu kulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kabla yake. Posa ya shangazi ilikuwa imeletwa. Kijana mwenyewe aliitwa Bakari, muuza vitambaa, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Babu zake walikuja Tabora na misafara ya zamani wakiwa wenye bidhaa, si wabebaji, na ukoo wao haukuacha watu wasahau. Lakini Bakari alimpenda shangazi, na shangazi alianza kumshonea kofia kabla hata wazee hawajajibu. Alikaa ukumbini akitoboa tundu moja moja, akiimba kasida, na mimi nikilalia mapaja yake. Uzi wa kurushia tiara yangu ni yeye aliyenipa, kutoka kwenye uzi uleule wa kofia. "Chukua, baba," alisema, maana mtoto wa kaka yake alimwita baba. "Ikiruka niite nije kuona. Mimi nikiwa mdogo nilikatazwa." Wazee wa upande wa Bakari walikuwa wamepanga kurudi Ijumaa ili wamalize maneno.

Jumatano bibi alikwenda msibani. Nililiendea sanduku lake la bati lililokuwa chini ya kitanda. Naomba nieleweke. Sikwenda kama mwizi. Nilitia udhu kwanza. Nilipofungua niliona bahasha ya kitambaa cha kaniki, na ndani yake karatasi kama kumi. Nilizitazama moja moja. Yenye herufi za Kiarabu niliibusu, nikaigusisha kwenye paji la uso, nikaiweka pembeni. Nyingine vilevile. Nyingine vilevile. Mwisho ikabaki moja tu, ya Kizungu, iliyokunjwa mara nne. Niliifungua. Ilikuwa pana, nyepesi, na ngumu kama ngozi changa. Juu yake kulikuwa na mhuri wenye picha ya ndege aliyetanua mabawa. Moyo wangu wa kitoto ukasema, hii imeandikiwa kuruka. Nikazirudisha zote zenye Kiarabu kwa mpangilio wake, nikafunga kitambaa, nikashukuru kwamba sikukosea.

Maganga aliipigia mbinja. "Hii ndiyo yenyewe!" Alinisaidia kufunga nyuzi tatu za kifuani, akapima mkia wa vitambaa kwa mkono wake, akaukata, akaupima tena. Alasiri upepo ulikuja sawasawa. Alishika tiara, mimi uzi. "Usikimbie," alisema. "Simama tu kama mtu mzima." Akaiachia.

Ilipanda. Nililegeza, ikachukua. Ilipoanza kulala nilivuta kidogo, kama alivyonifundisha, ikainuka tena. Uzi uliniungurumia vidoleni. Maganga hakunitania hata neno moja, alikuwa ameuacha mdomo wazi. Nilimwita shangazi kwa sauti, akatoka na kofia mkononi, kanga imemteremka mabegani, akakinga macho kwa kiganja. Alicheka kama msichana wa miaka saba. "Mashallah, baba! Mashallah! Ipe uzi!"

Nikaipa uzi mpaka ukaisha kwenye gunzi nililouzungushia. Sikujua bado kwamba mwisho wa uzi lazima ufungwe. Uliponyoka. Tiara ikapaa peke yake kuelekea magharibi, juu ya reli ya Kigoma, juu ya mashamba, ikipungua. Tulikimbia na Maganga mpaka pumzi zikakatika. Hatukuiona tena. Shangazi alinifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Umeshajua," alisema. "Tutatengeneza nyingine."

Ijumaa baada ya sala walikuja wazee watatu. Msemaji wao alikuwa Mzee Khamisi, baba mkubwa wa Bakari, mtu wa joho na fimbo. Mimi nilipewa kazi ya kupitisha kahawa. Waliuliza hali, wakasifu kahawa, wakauliza hali tena.

"Mama Zuhura," Mzee Khamisi alisema mwishowe, "binti hatuna neno naye. Adabu tumeiona, na mapishi yake yametufikia mpaka kwetu." Wenzake wakacheka. "Lakini mji unaujua. Kesho wataniuliza barazani, mama wa binti huyu alikombolewa kwa ridhaa ya bwana wake, au alijitokea tu Mwingereza alipopiga marufuku? Maana akiwa alijitokea tu, wapo watakaosema bado ni wa watu, na watoto wake ni wa watu. Si mimi nisemaye. Nitawajibu nini?"

Hapo ndipo nilipojua, nikiwa na birika mkononi, kwamba bibi yangu aliwahi kuwa mtumwa. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia. Nyumba nyingi za Tabora zilikuwa na jambo hilo na zote zililifunika, na watoto tulikua juu yake bila kujua, kama unavyotandika mkeka juu ya shimo. Aliletwa kutoka Manyema akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Hata jina Faida alipewa njiani na aliyemnunua.

Nilidhani ataona haya. Bibi alinyoosha mgongo. "Mzee Khamisi," alisema, "miaka yote hii nimekuwa nangoja mtu mwenye heshima aniulize mbele ya watu. Marehemu mume wangu alinikomboa kabla hajanioa. Tulisimama Boma la Mjerumani, yeye, mimi, na bwana wangu, na bwana wangu akaridhia mwenyewe kwa ulimi wake. Nikapewa hati. Utawajibu kwamba umeiona kwa macho yako. Ningojeni."

Akaingia ndani. Tulisikia kifuniko cha bati. Tukasikia tena kifuniko. Akatoka na kile kitambaa cha kaniki, akakifungua mkekani mbele yao, akaanza kuzipindua zile karatasi nilizozibusu. Alizipindua mara tatu.

"Ni karatasi ya Kizungu," alisema. "Ina ndege juu."

Birika lilikuwa linaniunguza nami sikuliweka chini. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu yake. Ningesema neno moja tu. Wazee wangekasirika, ningepigwa, Mzee Khamisi angeombwa kupokea ushahidi wa mtoto, labda angekubali, labda asingekubali. Sijui. Sikusema. Nimekwisha kuwaombea maghufira watu wengi katika maisha yangu, na kila nikifika kwa yule mtoto wa birika nakwama.

"Haidhuru, mama," Mzee Khamisi alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ukiiona, tuite." Wakamaliza kahawa. Wakaaga vizuri. Hawakurudi.

Baba aliitwa kutoka Igalula. Alikwenda Boma, karani akamjibu kuwa madaftari ya Mjerumani hayapo, yalipotea wakati wa vita. Bakari mwenyewe alikuja mara moja, akasimama nje ya kizingiti. Nilimsikia akisema, "Mimi sina neno, Zuhura. Ni wazee." Shangazi alimjibu, "Basi nenda kwa wazee." Kabla mvua hazijaanza alioa kwingine. Kofia ile ilibaki imefika nusu.

Nilivumilia siku nne tangu Ijumaa ile. Siku ya tano nilimkuta bibi peke yake uani akipepeta, nikamwambia yote, udhu, sanduku, ndege, uzi ulioponyoka. Nilifumba macho nikangoja kofi.

Bibi aliacha kupepeta. "Nani mwingine anajua?"

"Maganga aliiona. Lakini hajui ilikuwa nini."

"Na shangazi yako?"

"Hajui."

Aliuweka ungo chini. Kisha akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya huruma, na baadaye nikayajua uzito wake. "Usimwambie. Mimi nikifa, huyu ndiye atakayekulea. Akijua, kila akiukumbuka ukiwa wake atakutazama wewe. Acha aniudhikie mimi. Mimi ni mama yake, ataudhika na bado atanipikia."

Nikanyamaza, kwa furaha ya mtoto aliyeponea fimbo.

Siku moja tukiwa tunakula, shangazi aliuliza bila kuinua macho, "Mama, karatasi haikuwapo, sivyo?"

"Ilikuwapo, mwanangu."

"Ndiyo, mama," shangazi alisema, na akammegea bibi kipande cha nyama alichokuwa amejibakizia mwenyewe.

Nawaomba wasomaji wenzangu wafikirie "ndiyo, mama" hiyo. Bibi aliisikia kwa namna mbalimbali mpaka alipofariki. Mtoto wake alimtii, alimuuguza, alimwosha, na moyoni aliamini kuwa mama yake alidanganya mbele ya wazee kwa kuona haya, na kwamba uongo huo ndio uliomfungia mlango. Mjini nako walimwona hivyo. Mwanamke aliyesimama Boma akasikia kwa masikio yake kwamba yu huru, alimaliza umri wake akihesabiwa mwongo, kwa ajili yangu, na mimi nikila katika sahani moja naye.

Shangazi aliolewa baadaye na mgane mmoja wa Igunga mwenye wajukuu. Hawakujaliwa mtoto. Alipofiwa alirudi Tabora, na mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto nilimjengea chumba uani kwangu. Watu walinisifu. "Umemtunza shangazi yako," walisema baada ya sala. Niliwaitikia alhamdulillahi, nikatafuta viatu vyangu.

Nilimwambia nilipokuwa na mvi tayari. Bibi alikuwa amelala makaburini miaka mingi. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua wakati wote nilipokuwa nikisema, na nilipomaliza aliendelea bado. Kisha akaiweka sinia chini.

"Kumbe alikuwa nayo," alisema. "Mama yangu. Kumbe alikuwa nayo."

Akaomba maji, akatia udhu, akasali rakaa mbili, akakaa juu ya mkeka wa sala mpaka adhana ya alasiri. Niliposogea kumshika mkono aliuondoa polepole, bila hasira. "Wewe tutazungumza siku nyingine, inshallah."

Aliishi Ramadhani mbili baada ya hapo. Nilimpelekea futari kwa mikono yangu, akaipokea, akala, akanishukuru. Aliniuliza habari za watoto. Ila hakuniita baba tena. Aliniita Jumanne, jina langu kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Siku ile nyingine tuliyoahidiana haikufika.

Namshukuru Mungu kwa mengi. Nimepewa umri, macho yangu bado yanasoma, watoto wangu wananitembelea. Wajukuu wangu ni watu wa dunia nyingine kabisa. Kila hati yao ina nakala nne na picha ndani ya simu, na ikipotea wanachapisha nyingine huku wanatafuna karanga. Hugombana asubuhi, mmoja akamtumia mwenzake neno la samahani na kikaragosi kinacholia, na kabla ya adhuhuri wanacheka pamoja. Huwa nawakaripia kwamba msamaha wao ni mwepesi mno. Wanadhani nawakaripia kwa kuwa mimi ni mzee wa zamani, nami nawaacha wadhani hivyo. Kweli yenyewe ni kwamba nawaonea wivu. Enzi zetu neno moja lililocheleweshwa lilitosha kuharibu umri mzima wa watu watatu. Wenzangu wakishatoa salamu na kuinuka msikitini, mimi hubaki nimekaa. Namwombea bibi kwa jina lake, namwombea shangazi kwa jina lake, na ikifika zamu yangu mimi, natafuta la kuomba, mpaka mfagiaji aje aniambie, "Mzee, tunafunga."